Sawa kwa Njia Ipi?

Atomi moja ya dhahabu iliyotoka Nyarugusu, mkoani Geita, haina tofauti yoyote na atomi ya dhahabu iliyotoka Johannesburg. Sisemi zinafanana sana. Nasema ukizibadilishana usiku, asubuhi ulimwengu utakuwa ule ule. Dhahabu ina isotopu moja tu iliyo imara, yenye protoni 79 na nyutroni 118, kwa hiyo hata ule mwanya mdogo ambao metali nyingi huuacha, wa atomi kupishana uzito, kwenye dhahabu haupo. Jiwe likiwa bado jiwe linaweza kukwambia lilikotoka: lina fedha kidogo, shaba kidogo, uchafu wa mwamba wake, na mtu mwenye maabara anaweza kuusoma. Likishapita kwenye karasha, kwenye zebaki, kwenye moto, kisha dhahabu yake ikasafishwa kiwandani, dhahabu inasahau kila kitu. Nani alishuka, nani alivuta kamba, nani alilipwa na nani alidhulumiwa, hayo yote hubaki kwenye marudio.

Biashara inapenda usahaulifu huo. Gramu ni gramu. Na sitaki kuubeza, maana kuna haki ndani yake: soko la madini la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, mchimbaji aliyetoka porini na mdomo mkavu alipata mahali pa kusimama mbele ya mizani ile ile anayosimama mwenye leseni kumi. Mizani haimuulizi mtu ametoka ukoo gani.

Lakini swali linalonisumbua ni hili: tunaposema vitu viwili ni sawa, je, tumemaliza kusema?

Ninasoma shahada ya uzamili ya hisabati Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu kitu ambacho Kiswahili bado hakijakipa jina. Waingereza walikiita kwa neno lenye maana ya lundo; mimi nitakiita staki, hadi mtu mwenye sikio zuri alete neno bora. Wafaransa waliokianzisha walikiita champ, yaani shamba, na kwetu Shinyanga neno hilo lingekaa vizuri zaidi. Shamba si jumla ya miche tu. Ni pamoja na mistari, mipaka na njia za kutoka mche mmoja kwenda mwingine.

Staki ni mkusanyiko wa vitu unaokumbuka mambo mawili. La kwanza, kwamba kitu hiki na kile ni sawa. La pili, ni sawa kwa njia zipi, na njia hizo ni ngapi. Kama ulisoma sekondari Tanzania umewahi kukutana na jambo la pili bila kuambiwa jina lake. Ukithibitisha kwamba pembetatu mbili ni sawa, hairuhusiwi kuandika herufi zake ovyo. Lazima herufi ya kwanza ya pembetatu hii iende na herufi ya kwanza ya ile, ya pili na ya pili, ya tatu na ya tatu. Mwalimu wetu alikuwa anakata alama kwa mpangilio mbaya wa herufi hata kama jibu ni sahihi, na sisi tulimwona mkorofi. Alikuwa anadai njia.

Sasa chukua pembetatu yenye pande tatu sawa na uilinganishe na yenyewe. Unaweza kuiacha ilivyo, kuizungusha mara moja, kuizungusha mara mbili, au kuipindua kwa kila mmoja wa mihimili yake mitatu. Hizo ni njia sita za kitu kuwa sawa na chenyewe. Pembetatu yenye pande mbili tu zilizo sawa ina njia mbili. Pembetatu ya ovyo, ya kuchora mchangani kwa kijiti, ina moja. Ukitengeneza daftari la maumbo yote ya pembetatu kwa namna ya kawaida, kila umbo linapata nukta moja na basi. Katika staki, ile nukta ya pande tatu sawa inabeba zile njia sita mgongoni, na hata ukihesabu unaigawa kwa sita. Ndiyo, kuna mahali katika hisabati ambapo nukta moja huhesabiwa kuwa moja ya sita, na hakuna anayecheka.

Wazo lenyewe lilitoka kwa Alexander Grothendieck na waliomzunguka Paris kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Walitaka kujua ni lini vipande vilivyoelezwa kila kimoja mahali pake vinaweza kuunganishwa kuwa kitu kimoja. Jibu lao: vipande pekee havitoshi, lazima uwe na makubaliano kati ya kipande na kipande, na makubaliano hayo nayo yakubaliane yenyewe kwa yenyewe pale vipande vitatu vinapokutana. Mwaka 1969 Pierre Deligne na David Mumford walilitumia katika makala yao kuhusu nafasi ya mikunjo yote ya aina fulani, na mwaka 1971 Jean Giraud alichapisha kitabu kizima. Grothendieck mwenyewe alizaliwa Berlin mwaka 1928, akafungiwa kambini Ufaransa akiwa mtoto na mama yake, baba yake akafia Auschwitz, naye akaishi miaka mingi bila uraia wa nchi yoyote. Mwaka 1970 aliiacha taasisi aliyoijenga kwa jina lake kwa sababu sehemu ya fedha zake ilitoka jeshini. Kwake fedha haikuwa fedha tu. Alitaka kujua imepitia wapi.

Naomba nieleze kwa mfano wa nyumbani. Kwa Wasukuma pacha hachaguliwi jina. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Mimi ni Doto. Kulwa alinitangulia kwa muda ambao mama anasema haukutosha kuchemsha maji.

Zunguka nami kwa basi. Toka Shinyanga mpaka Kahama, Kahama mpaka Geita, Geita mpaka Mwanza (zamani kwa kivuko cha Kigongo–Busisi, tangu mwaka 2025 juu ya daraja la kilomita 3), kisha Mwanza kurudi Shinyanga. Tuseme katika kila mji kuna nyumba yenye mapacha wasioweza kutofautishwa, na kila mji umekubaliana na jirani yake: huyu wenu ndiye huyu wetu. Pale Shinyanga chagua mmoja, mwite Kulwa. Fuata makubaliano: Kulwa wa Kahama ni yule, wa Geita ni yule, wa Mwanza ni yule. Ukirudi Shinyanga mambo mawili yanawezekana. Huenda ukarudi kwa yule yule uliyemwacha. Au huenda unayemfikia kwa jina la Kulwa ndiye uliyemwacha kwa jina la Doto.

Katika hali hiyo ya pili hakuna mji uliodanganya. Kila jozi ya majirani iko sahihi. Upindo haumo Kahama wala Geita. Umo katika mzunguko mzima. Na daftari la kawaida haliwezi kuuona kamwe, kwa sababu litaandika: Shinyanga, mapacha, Kahama, mapacha, Geita, mapacha, Mwanza, mapacha. Mzunguko uliopinda na usiopinda vitaandikwa kwa maneno yale yale. Staki inavitenganisha, kwa kuwa haikuandika tu kwamba ni sawa, iliandika na namna.

Wanafizikia walilijua jambo hili kwa jina jingine kabla hatujawaletea letu. Ndege akitua kwenye waya wa umeme haungui, kwa sababu kinachouma ni tofauti ya volti, si volti yenyewe. Sifuri ya volti unaiweka unapotaka. Nadharia ya sumaku na umeme inakwenda mbali zaidi: inakuruhusu kuchagua sifuri yako upya kila mahali na kila wakati, ilimradi ubebe kumbukumbu ya jinsi ya kutoka chaguo la hapa kwenda chaguo la pale. Uhuru huo huitwa geji. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm walionyesha kwa nadharia kwamba elektroni ikipita pande mbili za mahali palipofungiwa sumaku, bila kuigusa sumaku yenyewe, itaonyesha tofauti. Kila sehemu ya njia yake ukiikagua peke yake ni tupu. Mzunguko mzima si mtupu. Mwaka 1986 kundi la Akira Tonomura huko Japani lilipima na likaona hivyo hivyo. Ni safari yetu ya basi, isipokuwa badala ya mapacha wawili kuna mshale unaozunguka kama wa saa.

Hapo ndipo staki inapomfaa mwanafizikia. Anapotaka kuunganisha vipande vya anga na wakati, haimtoshi kuambiwa kwamba uga wa huku na uga wa kule ni sawa mpakani. Atauliza: sawa kwa njia ipi? Njia tofauti zinatoa ulimwengu tofauti.

Lakini mwanafizikia pia anataka namba mwisho wa siku, na kupata namba lazima ajumlishe hali zote bila kuhesabu hali moja mara elfu kwa majina elfu. Kwa hiyo anachagua mwakilishi mmoja kutoka kila kundi la hali zilizo sawa. Mwaka 1967 Ludvig Faddeev na Victor Popov walionyesha gharama ya kuchagua: unapomteua mwakilishi, hesabu inakudai nyongeza, na nyongeza hiyo ina tabia ya chembe ambazo hakuna chombo kitakachozinasa. Zikaitwa mizimu. Si utani wangu, ndilo jina lake rasmi. Ukisahau kuiweka mizimu, hesabu inakupa jibu la kipuuzi. Mwaka 1978 Vladimir Gribov akaona kwamba kwa nguvu kama ile inayofunga kiini cha atomi, kanuni za uteuzi zinazotumika hazifaulu kuteua mmoja tu kila mahali, na mwaka huo huo Isadore Singer akathibitisha kwamba kasoro haitokani na uzembe. Imo katika umbo la nafasi yenyewe: kanuni nzuri ya kuchagua kila mahali haipo.

Mwaka 2017 Kulwa na mimi tulichaguliwa kwenda kidato cha tano. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Pointi zetu zilipishana, lakini si kwa kiasi ambacho mtu mwenye akili angekitumia kuamua. Wakati ule kidato cha tano kilikuwa bado na ada, na juu ya ada kulikuwa na michango, godoro, sare, nauli. Na nyumbani palitakiwa mtu wa kubaki na mama na mashamba. Kikao kilikuwa kifupi. Baba mdogo alisema, "Hawa ni sawa. Akienda mmoja, wameenda wote. Kulwa ndiye mkubwa, abaki." Nakumbuka kwamba hakuna aliyebisha, hata Kulwa. Mwaka haukuisha akawa Geita, kwenye maduara.

Nimeifikiria sentensi ile kwa miaka minane, na mitatu ya mwisho nimekuwa na zana za kuifikiria. "Akienda mmoja, wameenda wote" ni sentensi ya geji. Inadai kwamba mimi na Kulwa ni majina mawili ya hali moja, kwa hiyo kuchagua kati yetu ni kama kuchagua sifuri ya volti. Uteuzi wa jina hauna gharama. Jibu la mwisho halitegemei. Lakini mwanafizikia makini hutenganisha aina mbili za usawa. Kuna usawa wa kitu kimoja kuelezwa kwa namna mbili. Na kuna usawa wa vitu viwili halisi ambavyo unaweza kuvibadilishana nafasi na picha nzima isionekane imebadilika. Wa kwanza ni wa maelezo yetu, wa pili ni wa ulimwengu.

Mwanafalsafa Max Black aliligusa jambo hili mwaka 1952 kwa mfano unaoonekana wa kitoto. Fikiria ulimwengu usio na kitu ila tufe mbili za chuma, zinazofanana kwa kila sifa. Leibniz alisema vitu visivyotofautiana kwa lolote ni kitu kimoja. Black akauliza: mbona hapa ni viwili? Huwezi kusema "hii" na "ile" bila kuingia mwenyewe ulimwenguni humo na kunyoosha kidole. Lakini ni mbili, na kila moja iko umbali fulani kutoka kwa nyingine. Wapo wanaomjibu Black kwamba swali lake ni mchezo wa maneno. Nadhani hawajawahi kuwa pacha.

Kinachonivutia zaidi kiko kwenye nadharia ya nyuzi. Mwaka 1985 Lance Dixon, Jeffrey Harvey, Cumrun Vafa na Edward Witten walichukua nafasi yenye ulinganifu na wakatangaza kwamba nukta zinazobadilishana zihesabiwe kuwa nukta moja. Umbo linalopatikana huitwa obifoldi, na kwa lugha ya leo ni staki ya aina nyepesi. Katika nafasi ya mwanzo uzi uliofunga ni ule unaoanza mahali na kurudi pale pale. Ukishatangaza mapacha ni mmoja, aina mpya ya uzi inakubalika: unaoanza kwa Kulwa na kuishia kwa Doto. Zamani ulikuwa uzi wazi, sasa umefunga. Na si hiari. Ukiziacha nyuzi hizo zilizopinda nje ya hesabu, nadharia inavunjika. Yaani ukiwaambia wawili hawa ni mmoja, unalazimika kuweka hesabuni kila uzi unaokwenda kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Baba mdogo alitamka usawa, lakini nyuzi hakuzihesabu. Hakuna aliyemwambia kwamba zipo.

Nilimweleza Kulwa haya kwa simu, kwa maneno ya kawaida. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kazini kwao usawa una maana nyingine.

"Ninyi mnaanza na vitu vilivyo sawa," alisema. "Sisi tunaanza na viroba."

Duarani mawe hutoka yakiwa kwenye viroba, na viroba ndivyo vinavyogawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji, kwa asilimia walizokubaliana. Mgao hufanyika kabla ya kusaga. Dhahabu haionekani kwa macho katika mawe mengi, kwa hiyo kiroba ni kiroba, na mgao unaonekana wa haki kwa sababu hakuna anayejua. Isipokuwa, alisema Kulwa, kuna wazee ambao wanajua. Wanainua kiroba kidogo, wanatazama rangi ya kutu kwenye jiwe, wanalamba kidole, kisha wanasema kwa upole, "Mimi nipeni hivi vya huku." Viroba ni sawa mpaka aje mtu anayejua.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilidhani swali la kikao kile ni kama usawa wetu ulikuwa wa majina au wa watu. Kulwa aliuliza jambo la kabla ya hapo: kama walitutazama. Pengine "hawa ni sawa" halikuwa dai kuhusu sisi hata kidogo, bali namna ya kusema hatujakagua. Mwanahisabati haruhusiwi kuandika alama ya usawa kwa sababu amechoka kutafuta tofauti. Familia yenye msiba na msimu wa kilimo unaokaribia, inaruhusiwa? Nikijaribu kujiweka kwenye kiti cha baba mdogo, na shilingi zilizokuwepo, sioni kikao kirefu zaidi kingeongeza nini. Na bado sikubali kwamba kutokuwa na sababu ya kumchagua huyu badala ya yule kunaufanya uchaguzi kuwa mwepesi. Naona kinyume. Penye sababu, sababu inabeba sehemu ya mzigo. Pasipo na sababu mzigo wote unabaki kwa aliyechagua na kwa aliyechaguliwa, na yule asiyechaguliwa hana hata hoja ya kubishana nayo.

Kwa Shija hesabu ilikuwa rahisi. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, akasoma bila kikao chochote. Godoro alilinunua Kulwa.

Siku hizi Kulwa ana sehemu katika duara moja, yeye na wenzake watatu. Mgao ukiwa wake hakubali viroba vigawanywe vilivyotoka. Anamwaga mawe yote kwenye turubai, wanayaponda kwa nyundo mpaka yawe kokoto, wanayachanganya kwa koleo, wanageuza lundo mara mbili, kisha ndipo wanajaza viroba upya. Inachukua nusu siku, na wenzake wanalalamika kwamba mwenye karasha hasubiri.